Pilipili na Wenzake wa Hangari

Ninyi watoto wa Kashuga mnaijua kazi ya makaa. Jioni, mama akiisha kuepua chungu, mtoto huokota kaa lililozimika, akaenda ukutani akachora mbuzi. Mbuzi huyo ana miguu mitano, maana mmoja ulikosewa, na makaa hayafutiki vizuri. Baba akirudi anauliza, «Nani amechafua nyumba yangu?» Kila mtu ananyamaza. Hata mbuzi wa ukutani ananyamaza.

Sitaki kuwafundisha kuchafua kuta za wazazi wenu. Lakini nataka mjue ya kuwa wako watu walioanza hivyo hivyo, kwa ukuta na udongo, na baadaye picha zao zikavuka bahari, zikatundikwa katika nyumba kubwa za Ulaya. Walikuwa watu wa nchi yetu ya Kongo, wa upande wa Katanga, huko kusini, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, ingawa kina namna yake.

Mtu hawezi kuwa seremala pasipo kukaa karibu na seremala. Mhunzi naye huanza kwa kuvuta mivukuto ya mhunzi mwingine. Je, mchora picha anafundishwa na nani? Na mwalimu wake amfundishe kila kitu, au amwache atoe yaliyomo ndani yake? Neno hili si dogo. Mtaona jinsi watu walivyolishindania.

Fundi wa Bukama

Katika Katanga uko mji uitwao Bukama, kando ya mto Lualaba. Hapo aliishi fundi mmoja, jina lake Albert Lubaki. Kazi yake ilikuwa kuchonga pembe za ndovu. Tena alijua kupamba kuta za nyumba kwa picha. Mke wake, Antoinette Lubaki, binti wa chifu, alichora vilevile.

Mwaka 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya Wabelgiji, aitwaye Georges Thiry, alipita hapo akaziona nyumba zenye picha. Akasimama. Akafahamu jambo ambalo wenyeji walilijua tangu zamani: picha ya ukutani haikai. Mvua ya masika inapiga, udongo unamomonyoka, nyumba inasiribwa upya, na picha imekwisha. Basi akawapa Lubaki na mkewe karatasi na rangi za maji, ili wachore mambo yale yale mahali ambapo mvua haifiki.

Wakachora. Walichora wanyama, miti, nyoka na watu. Nyuma ya picha hawakupaka kitu. Karatasi ilibaki nyeupe, bila mbingu wala ardhi, kama vile ukuta ulivyokuwa. Mnyama alisimama peke yake katikati ya weupe, akaonekana waziwazi, wala hukuweza kumtazama mwingine.

Picha hizo zilipelekwa Ulaya. Zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, Geneva mwaka 1930, na Paris mwaka 1931. Lubaki mwenyewe alibaki kwao. Hapo mimi naona kasoro. Watu waliovaa viatu vizuri walipita mbele ya picha zake wakatikisa kichwa kwa kustaajabu, naye yuko mbali, hawezi hata kuwasikia wakisema nini. Fundi wa mitungi hapa kwetu husimama mwenyewe sokoni kando ya mitungi yake. Mnunuzi akiuliza, anajibiwa na mwenye kazi.

Rangi hushikwa na nini?

Hapa ngojeni kidogo, maana ninyi mtauliza, «Kwa nini rangi ya ukutani huondoka, na rangi ya karatasi hubaki?»

Twaa udongo mwekundu, uuponde, uuchekeche mpaka uwe unga laini. Changanya na maji, upake ubaoni. Ikiwa bado na maji inapendeza sana. Ikikauka, pitisha kidole: unga wote unakuja kidoleni. Maji yamekwenda zao, hakuna kilichobaki cha kuushika unga. Basi rangi yoyote duniani ina vitu viwili: unga wenye rangi, na kitu cha kuushika unga huo.

Katika rangi za maji, unga hushikwa na utomvu wa mti wa namna ya mgunga, unaomea katika nchi kavu kama Sudani. Katika rangi za mafuta, unga hushikwa na mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hukauka polepole yakawa kama ngozi ngumu. Mafuta ya mawese hayafai kazi hii, kwa sababu hayakauki. Mkiyajaribu, picha yenu itawapaka nguo mpaka mwaka ujao.

Unga wenyewe mara nyingi ni udongo tu. Nyekundu na manjano nyingi zatoka katika udongo wenye chuma ndani yake. Nyeusi yaweza kutoka katika makaa au masizi. Kwa hiyo mtu akisema, «Sisi hatuna rangi,» mwambieni atazame chini ya miguu yake. Kinachokosekana ni gundi.

Mtoto wa Pennsylvania

Kabla ya kurudi Katanga, tusafiri kwanza mpaka Marekani, tuone jinsi mtu mwingine mweusi alivyofundishwa kazi hii. Njia yake ilikuwa kinyume kabisa cha njia ya watu wetu.

Henry Ossawa Tanner alizaliwa Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 1859. Wakati huo watu weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa bado watumwa. Mama yake mwenyewe alizaliwa katika utumwa, akaokoka kwa kutoroshwa kwenda kaskazini. Baba yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Kiprotestanti la watu weusi, baadaye akawa askofu wao.

Tanner alipokuwa na miaka kama 13, alitembea na baba yake katika bustani kubwa ya mji wa Philadelphia. Wakamwona mtu ameketi, anachora mlima na miti. Mtoto akakaa kumtazama. Aliporudi nyumbani alikwisha kukata shauri: atakuwa mchora picha. Hakuna aliyemwambia ya kuwa ni kazi rahisi, wala haikuwa.

Karibu na mwaka 1880 aliingia katika shule ya picha ya Philadelphia. Katika shule za namna hiyo mwanafunzi hakupewa rangi upesi. Kwanza alichora sanamu nyeupe za lipu, mkono, mguu, kichwa, siku nyingi, mpaka macho yazoee kupima. Kisha alichora watu wazima waliosimama mbele yake bila kutikisika. Mwalimu wake mkuu, Thomas Eakins, alitaka zaidi. Alitaka wanafunzi wajue mifupa na misuli iliyo chini ya ngozi, hata waitazame miili iliyopasuliwa, kama wanafunzi wa udaktari. Alisema mkono hauwezi kuchorwa vizuri na mtu asiyejua kwa nini unakunjika.

Siku moja Tanner alianza picha vizuri sana. Akaogopa kuiharibu. Kila siku akaigusa kidogo tu, hapa na pale, wala haikwenda mbele. Eakins akaja, akaona, akamkemea kwa nguvu. Alimwambia ya kuwa afadhali aiendeleze iwe nzuri zaidi, au hata aiharibu, kuliko kukaa katikati kwa woga. Tanner hakusahau neno hilo. Alilisimulia mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Nami nimewaona wanafunzi wengi wenye ugonjwa huo huo. Wakiisha kuandika mstari mmoja safi katika daftari, wanaogopa kuandika wa pili.

Katika nchi yake Tanner alidharauliwa kwa ajili ya ngozi yake. Alijaribu kazi ya kupiga picha huko Atlanta, haikufaulu. Mwaka 1891 alipanda meli kwenda Ulaya, akafika Paris, akakaa huko. Alisoma tena, katika shule ya Julian. Mwaka 1893 alichora mzee mweusi akimpakata mjukuu wake, anamfundisha kupiga banjo, kinanda cha nyuzi ambacho asili yake ni Afrika. Tazameni, hata katika picha yake alichora mwalimu na mwanafunzi. Baadaye serikali ya Ufaransa ilinunua picha yake ya kufufuliwa kwa Lazaro. Alikufa Paris mwaka 1937.

Basi huyu alifundishwa miaka mingi, na walimu wengi, kwa sheria nyingi. Sasa turudi kwetu.

Banda la Elisabethville

Mji wa Lubumbashi ulipewa jina hilo mwaka 1966. Kabla yake uliitwa Elisabethville. Ni mji wa shaba. Watu wa makabila mengi walikusanyika hapo kwa ajili ya kazi za migodi na reli.

Wakati wa vita kuu ya pili alikuja Kongo Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, mzaliwa wa Brest mwaka 1887, aliyekuwa zamani ofisa wa manowari. Naye alikuwa mchora picha. Alikuwa na mtumishi kijana jina lake Bela, mtu wa kabila la Sara, kutoka nchi ya Chad, mbali sana kaskazini ya Kongo. Kwa sababu hiyo wengine humwita Bela Sara.

Bela alizoea kuona bwana wake akichora. Naye akashika rangi. Lakini hakutaka brashi. Alichovya ncha za vidole katika rangi, akagusa karatasi, tena akachovya, tena akagusa, kama mtu anayepanda mtama punje kwa punje. Kwa alama hizo ndogo ndogo akatengeneza miti, wanyama, na watu wanaocheza ngoma. Mwalimu mwingine angempokonya sahani ya rangi, akamwambia, «Shika brashi kama mtu mwenye adabu.» Romain-Desfossés hakufanya hivyo. Alimwacha.

Mwaka 1946 alifungua shule huko Elisabethville. Watu waliiita kwa Kifaransa Hangar, yaani hangari, banda kubwa la kuwekea vyombo. Vijana walikuja mmoja mmoja. Kati yao walikuwapo Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, ambao majina yao yalikuja kujulikana kupita ya wenzao wote.

Sasa mnangoja niwaambie masomo ya hangari. Mtashangaa, maana yalikuwa machache mno. Hapakuwa na sanamu za lipu za kunakili. Hapakuwa na picha za Kizungu ukutani za kuiga. Mwalimu alitoa karatasi, rangi na nafasi, akawaambia wachore mambo waliyoyajua wenyewe: mto, majani, samaki, ndege, habari walizozisikia utotoni. Asiyekuwa na kitu cha kusema kwa picha, hakulazimishwa kuigiza. Mwenye kitu, aliachwa atafute namna yake ya kukisema. Ndiyo maana hao watatu, ingawa walikaa chini ya paa moja na mwalimu mmoja, hawafanani hata kidogo. Ukiona picha tatu zimelazwa mezani, hutapoteza dakika kujua ipi ni ya nani.

Samaki wa Pilipili

Pilipili Mulongoy alizaliwa mwaka 1914, Mluba wa Katanga. Alipoingia hangari alikuwa na zaidi ya miaka 30. Hakuwa mtoto. Watu wengi hufikiri ya kuwa baada ya miaka 20 kichwa kimekwisha kufungwa. Tunao wazee hapa walioanza kusoma wakiwa na mvi, nao wanajua ya kuwa si kweli.

Pilipili alipenda kuchora maji, pamoja na wanaoishi ndani yake na kando yake. Samaki hupita katika magugu ya mto. Mamba hufumbua kinywa. Kanga wamekusanyika chini ya mti. Ndege amejenga kiota, makinda wanapanua midomo, na chini, kwenye tawi, nyoka anapanda polepole. Mara ya kwanza unapotazama waona uzuri tu, rangi nyingi zimepangwa kama shanga. Mara ya pili waona ya kuwa mtu anataka kumla mwenzake. Picha zake nyingi ni hivyo. Porini kila mmoja anatafuta chakula, na mara nyingine chakula kina mabawa na watoto.

Tazameni sasa kazi yenyewe. Lubaki aliacha karatasi yake nyeupe nyuma ya mnyama. Pilipili hakuacha mahali pa weupe pa kuwekea hata ukucha. Nyuma ya samaki alijaza alama ndogo, nukta na vimistari kama mbegu, mamia kwa mamia, kila moja ikiwekwa peke yake. Nukta hizo ndizo maji, au hewa, au majani. Kwa sababu hiyo maji yake yanaonekana kama yanatikisika.

Kuna sababu ya jambo hilo. Jicho lina mpaka wake. Ukiweka nukta nyekundu na nukta za manjano karibu karibu, kisha ukaenda mbali, jicho haliwezi tena kuzitenga. Laona rangi ya chungwa. Ukikaribia, nukta zarudi. Mtazamaji anapotembea mbele ya picha, rangi zinaungana na kuachana, na picha yapata uhai. Jaribuni ubaoni kwa chaki za rangi, mwalimu akiwapa ruhusa. Wekeni nukta nyingi, msizisugue kwa kidole, kisha simameni mlangoni mtazame.

Kazi hiyo yataka saburi. Alama moja ikienda ovyo, yaonekana. Hakuna mtu aliyemfundisha Pilipili saburi hiyo katika hangari, alikuja nayo.

Nyuzi za Mwenze

Mwenze Kibwanga alizaliwa mwaka 1925. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Jambo hilo likumbukeni, maana laeleza mengi.

Mwenze hakutumia nukta. Alitumia mistari mifupi, mmoja kando ya mwingine, iliyolala sambamba kama nyuzi. Tena rangi zake ni chache, mbili au tatu, zaidi za udongo: kahawia, manjano iliyokoza, nyeusi na nyeupe. Mtu, mnyama na nyuma yake, vyote vimechorwa kwa mistari ile ile. Basi mtu ataonekanaje? Ni kwa sababu mistari yageuka. Nyuma yaelekea upande huu, na katika mwili wa mtu yaelekea upande mwingine. Hapo inapogeuka, ndipo bega linapoanza.

Mama na dada zenu wanaosuka mikeka na vikapu watalifahamu jambo hili kuliko wasomi wengi. Katika mkeka wa rangi moja waweza kuona pambo, kwa sababu ukindu umegeuzwa. Ukindu ni ule ule. Mwanga tu unaanguka namna nyingine. Mwenze aliutoa ufundi huo katika nyumba ya baba yake, akauleta kwenye karatasi. Kama mwalimu angemwambia siku ya kwanza, «Hivi sivyo, fanya kama mimi,» ufundi huo ungalipotea, wala yeye mwenyewe asingalijua amepoteza nini.

Ugomvi wa walimu

Wengine walimsifu Romain-Desfossés sana. Wakasema amefanya vema kuwalinda vijana wasigeuke kasuku. Wakati ule katika shule nyingi mtoto wa Kiafrika alipewa picha ya nyumba ya Ulaya yenye theluji, akaambiwa ainakili, naye hajaona theluji tangu azaliwe. Ni kweli, kazi hiyo haina faida.

Lakini wengine waliuliza swali gumu. Kumficha mtu picha za wengine, je, si kumfungia mlango? Tanner alipewa yote, akachagua mwenyewe. Watu wa hangari walichaguliwa na mwingine wasichopaswa kuona. Tena wanunuzi wa picha zao walikuwa Wazungu, na hao walipenda kuona pori, wanyama na ngoma. Nje ya mlango wa hangari ulikuwako mji mkubwa, una reli, baiskeli, moshi wa shaba, na watu wanaoamka alfajiri kwenda kazini. Mambo hayo karibu hayaonekani katika picha za hangari. Katika nchi iliyotawaliwa, hata kuchora kulikuwa na mpaka ambao mtu haonyeshwi, lakini anaujua.

Mimi naona pande zote mbili zina neno. Mwalimu yule alikuwa na subira ya kumwacha Bela na vidole vyake, na subira hiyo si ya kila mwalimu. Lakini mwanafunzi asiyeogopa kitu cha kwake hana haja ya kufichwa vya wengine. Pilipili alikuwa mtu mzima. Sidhani picha moja ya Mzungu ingemsahaulisha samaki.

Mwaka 1951 mchora picha wa Kibelgiji, Laurent Moonens, alianzisha shule nyingine katika mji ule ule. Hii ilikuwa shule hasa, Akademia, yenye madarasa na mpango wa masomo. Basi kwa muda Elisabethville ulikuwa na njia mbili pamoja. Mwaka 1954 Romain-Desfossés akafa huko huko, na hangari ikafungwa.

Fikirini siku hizo kwa wale mafundi. Aliyewapa karatasi na rangi, aliyewatafutia wanunuzi, hayupo. Tena walikuwa hawana cheti cha kumwonyesha mtu. Wangeweza kurudi kila mmoja kwao, na habari zao zingeishia hapo, kama kuta za Bukama zilivyokwisha kwa mvua. Haikuwa hivyo. Waliingia Akademia, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu. Watu waliofundishwa kwa kutofundishwa, sasa walisimama mbele ya wanafunzi.

Waliokuja baadaye

Katika Akademia alisoma kijana Mode Muntu, aliyezaliwa mwaka 1940 akafa mwaka 1985. Watu wake ni wembamba, wana miguu mirefu na viungo kama vya panzi, nao wamejaa picha nzima wakifanya kazi au kucheza. Ukiwatazama hutasema ni watu wa Pilipili, wala wa Mwenze. Na hiyo ni sifa kwa walimu wake.

Wengine wa Lubumbashi hawakupita shule yoyote ya picha. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora yale ambayo hangari haikuyachora: wakoloni na viboko, migodi, uhuru wa mwaka 1960, Lumumba, na vita vilivyofuata. Mara nyingi alichora juu ya nguo za magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya 100 za historia ya Kongo tangu zamani, akaielezea kila moja kwa Kiswahili cha Katanga, mbele ya mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Johannes Fabian, aliyeyaandika maneno yake katika kitabu. Kwa njia hiyo, miaka mingi baada ya Lubaki, mtazamaji wa mbali aliweza kusikia mwenye kazi akisema mwenyewe.

Mwenze alikufa mwaka 1999. Pilipili aliishi mpaka mwaka 2007, mzee wa miaka zaidi ya 90.

Mwaka 2015 picha za watu wa Kongo zilikusanywa Paris katika maonyesho makubwa, kuanzia zile za mwaka 1926 mpaka za vijana wa siku hizi. Za Albert na Antoinette Lubaki zilikuwapo, karatasi zao zimekuwa na rangi ya chai kwa uzee, lakini wanyama wamesimama bado. Za Pilipili zilikuwapo, na za Mwenze, na za Bela. Mtu akisimama mbali na picha ya Bela, anaona miti na majani. Akisogea hatua mbili, tatu, majani yanageuka kuwa alama ndogo za mviringo, moja moja, za ukubwa wa ncha ya kidole.